Makofi Yaliyofunga Jiko

Makofi yalikuwa bado yanapigwa.

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia nyama kabla ya kulisoma, shauri yako, ila nitakuhurumia kwa maneno machache. Tuko ghalani, kwenye kiwanda cha magodoro. Wafanyakazi wamekalishwa juu ya magodoro yaliyokosa wanunuzi, Mkurugenzi anahutubia. Mstari wa mbele amekaa Kinara, fundi wa kukata sponji, ambaye kazi yake halisi, ile isiyoandikwa kwenye mkataba, ni kupiga kofi la kwanza. Akipiga yeye, ghala zima linapiga. Asipopiga, hata ukitangaza kwamba mishahara imepanda, watu watakaa wakitazama viatu vyao.

Na Kinara alikuwa amelala. Kila hotuba yeye hulala, nani asilale juu ya godoro jipya. Lakini ana ufundi wake. Mkurugenzi akimaliza neno analolipenda hunywa maji, kisha huitua glasi mezani, ko. Sikio la Kinara huamka kabla ya Kinara mwenyewe. Ko, makofi. Mwaka nenda, mwaka rudi, hajakosea.

Safari hii Mkurugenzi alikunywa maji kwa sababu koo lilimkauka kwa woga. Alikuwa ametangaza kwamba jiko la wafanyakazi linafungwa mwisho wa mwezi, mpishi aende zake, na pale pawe chumba cha kuonyeshea wageni magodoro. Ko. Kinara akapiga makofi. Ghala likasimama na kupiga makofi.

Mpishi ni mke wa Kinara.

Haya, twende.

Kinara alifumbua macho, akaona watu wamesimama, naye akasimama, usoni kajipachika lile tabasamu lake la kazini.

"Kasema nini?" alimnong'oneza mtunza ghala, jirani yake wa kila mkutano, anayeitwa Ndiyo-Mzee kwa sababu hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kusikika akiwaambia wakubwa.

"Jiko linafungwa," Ndiyo-Mzee akajibu huku anapiga makofi kwa nguvu. "Nimeshangaa, ndugu yangu. Mke wako mwenyewe. Una roho ngumu wewe."

Mikono ya Kinara ikaganda hewani.

Aligeuka nyuma. Mama Jiko alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake, jagi la maji mkononi, maana maji ya Mkurugenzi hutoka jikoni kwake. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikuwa anamtazama mumewe namna ile anavyomtazama muuza nyama aliyemwekea mfupa chini ya karatasi.

Sasa mtazame Mkurugenzi. Mtu huyu asubuhi hiyo alimwagiza dereva wake aache gari linanguruma nje, mlango wazi, endapo watu watachachamaa. Alikuwa tayari kwa kuzomewa, na kwa kiatu kimoja au viwili vya kurushwa. Badala yake, watu wamesimama wanamshangilia. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Ndugu zangu," alisema, "sikujua. Kumbe mlikuwa mnaumia kimya kimya na chakula kile."

Ghala likaitikia kwa kichwa. Ndiyo, walikuwa wanaumia. Wamejua sasa hivi, lakini walikuwa wanaumia.

Saa ya chakula watu walewale walipanga mstari mbele ya dirisha la Mama Jiko, sahani mkononi, kama vile hakuna kilichotokea. Mama Jiko aliwapakulia wote. Hakumpunguzia mtu hata kijiko, na hilo liliwaudhi zaidi, maana ukishamdhulumu mtu ungependa akupe na wewe sababu.

"Mimi maharage haya yananisumbua tumbo siku nyingi," alisema dereva wa lori, huku anapangusa sahani kwa kipande cha mkate. "Nilikuwa sisemi tu."

"Jana ulirudia," alimkumbusha mama mmoja wa chumba cha kushonea.

"Nilirudia ili nihakikishe."

"Hata mimi niliwahi kukuta mawe," mwingine akachomekea.

"Mawe gani?"

"Si unajua. Mawe."

Mshonaji aliweka kijiko chini. Ni mama wa watu, ana akili zake akitaka kuzitumia. "Dereva, hebu niambie kweli. Ulipiga makofi kwa nini?"

"Niliona wote mmesimama. Nikajua kuna kitu mnakijua. Na wewe?"

"Mimi nilikuona wewe umesimama."

Wakatazamana. Wallahi, msomaji, walikuwa wameufikia ukweli, wameusogelea mpaka wanausikia ukipumua. Wangesogea kidogo tu wangecheka, wangeenda dirishani, wangesema, Mama Jiko, tusamehe, tumepiga makofi kama mazezeta. Jiko lingepona siku hiyohiyo.

"Lakini mawe yalikuwepo," alisema dereva.

"Yalikuwepo," alisema mshonaji, akaendelea kula.

Kufikia jioni mawe yalikuwa yameshavunja jino la mtu. Jino la nani hakuna aliyejua, ila kila mmoja alikuwa na rafiki anayemfahamu.

Kinara hakula. Aliitwa ofisini.

Mkurugenzi alimkaribisha kiti chenye mto, kile cha wageni. Mlango ulifungwa. Pale ukutani kuna picha ya mwenye kiwanda, mama mtu mzima mwenye kilemba, na mama huyo, kwa taarifa yako, ndiye mama mkwe wa Mkurugenzi. Kila anayekaa kiti cha wageni huona kwamba meza ya Mkurugenzi imewekwa kando, ili picha isimtazame moja kwa moja.

"Nimekuwa nikikuangalia," alisema Mkurugenzi. "Mwanzoni nilidhani ni hotuba zangu. Nilikuwa namwambia mke wangu, nina kipaji. Leo ndiyo nimejua ni wewe."

"Hapana, mzee, hotuba zenyewe ni..."

"Usinipake mafuta. Mtu anayepiga makofi mke wake akifukuzwa si mtu wa kawaida. Hiyo ni imani. Ningekuwa nao watano kama wewe, ningefika mbali."

Kinara alifungua kinywa kusema kwamba alikuwa amelala. Kisha akafikiria neno lenyewe, nililala kazini, akaliona likisimama mbele ya Mkurugenzi, akakifunga kinywa.

"Jumatatu mwenye kiwanda anakuja mwenyewe," Mkurugenzi aliendelea. "Jiko siruhusiwi kulifunga bila yeye kuona wafanyakazi wanataka nini. Jiko hili alilianzisha marehemu mumewe. Nataka asikie makofi kama ya leo. Basi. Nikishuka pale jukwaani, wewe huna tena habari ya kisu na sponji. Wewe ni Msimamizi wa Ari. Ofisi, meza, feni."

"Na wasipopiga?"

"Ukipiga wewe watapiga. Usipopiga wewe," na hapa Mkurugenzi akatabasamu, "nitajua nini cha kumfanya mtu aliyenidanganya leo mbele ya ghala zima."

Kinara alitoka pale anaona barabara mbili na zote zina shimo.

Nyumbani alikuta chakula kimefunikwa mezani, mke amekaa upande wa pili, mikono kifuani. Jua lilikuwa bado lipo dirishani. Watoto walikuwa wamepelekwa kwa bibi yao, ishara mbaya.

"Karibu, mheshimiwa," alisema Mama Jiko.

Huyu ni mwanamke aliyemwita Baba Nanihii, akamwita mume wangu, akimkasirikia sana humwita we mwanamume. Mheshimiwa hakuwahi.

"Mama, nisikilize."

"Nakusikiliza, mheshimiwa. Labda kwanza nipige makofi."

"Nilikuwa nimelala."

"Mikono ilikuwa macho."

Basi Kinara akamwaga yote. Hotuba, usingizi, maji, glasi. Alieleza jinsi anavyoitega sauti ya glasi ikigonga mbao, jinsi anavyotofautisha glasi inayotuliwa na glasi inayosogezwa tu. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosahau kwamba anaomba msamaha. Akanyoosha mgongo. Akasema mambo ya kipaji. Akasema watu wale wa ghalani hawana habari, yeye ndiye anayewaambia wafurahi saa ngapi.

Mama Jiko alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni glasi," alisema.

"Ni glasi."

"Miaka yote hii nimeolewa na mtu anayeongozwa na glasi."

"Mimi ndiye ninayeongoza!"

"Wewe unaifuata glasi, wao wanakufuata wewe. Sasa hapo kiongozi ni nani, mume wangu?"

Kinara alisikia mume wangu, na moyo ukamtulia kidogo. Akamshika mkono.

"Lile jiko marehemu mzee alinikabidhi likiwa na sufuria moja," Mama Jiko alisema taratibu. "Kabla huyo Mkurugenzi hajaoa. Nimewalisha watu wale walipokuwa wanaugua, walipofiwa, dereva alipofukuzwa na mkewe alikula kwangu asubuhi na jioni. Wanifukuze wakiwa na sababu, nitaondoka. Siondolewi kwa usingizi wako."

"Jumatatu sipigi."

"Atakufukuza."

"Anifukuze. Watu wakiniona nimekaa kimya, watakaa kimya. Mwenye kiwanda atasikia ukimya, atajua. Nakuapia."

Mama Jiko alimtazama sana, tena bila hasira, kama anayepima kitambaa.

"Kula," alisema. "Kinapoa."

Siku zile zilizobaki Kinara alitembea kiwandani kama mtu aliyeficha bomu. Akikata sponji, anatabasamu. Watu wakimwonea wivu kwa ofisi na feni, anatabasamu. Alijiona shujaa, na ushujaa wenyewe ulikuwa mtamu zaidi kwa sababu haukuhitaji kufanya kitu. Kukaa tu. Nani atashindwa kukaa?

Jumatatu ghala lilifagiliwa. Mwenye kiwanda aliletewa kiti cha mikono, akakaa mbele na kilemba chake, fimbo mapajani. Mama huyu masikio yamepungua nguvu. Maneno hayashiki vizuri, lakini makofi anayasikia, na kwa miaka mingi ameamua mambo makubwa ya kiwanda hiki kwa makofi.

Mkurugenzi alipanda jukwaani. Pembeni yake meza, juu ya meza glasi. Mama Jiko aliijaza maji kutoka kwenye jagi lake, akarudi kusimama mlangoni na aproni. Hakumtazama mumewe.

Kinara alikaa mstari wa mbele. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisikiliza hotuba nzima, na kusema kweli alishangaa ni mbaya kiasi gani.

"Wafanyakazi wenyewe," alimalizia Mkurugenzi, akimwinamia mama mkwe, "kwa hiari yao, kwa mioyo yao, wamesema jiko lifungwe."

Akanywa maji. Akayanywa yote, taratibu, mpaka mwisho. Akaitua glasi.

Ko.

Kinara alikalia mikono yake.

Ukimya ukaanguka. Kila mahali kulikuwa na mikono iliyoinuka nusu na kukwama, mabega yameshapanda, macho yote kwenye kisogo cha Kinara. Kisogo hakikusema kitu. Dereva alikuwa ameshaachama. Mshonaji alishusha mikono yake mapajani polepole. Mwenye kiwanda akaegemea mbele. "Mbona kimya?" aliuliza.

Mkurugenzi alimtazama Kinara, na jasho likamtoka chini ya miwani. Kinara naye akamtazama. Raha aliyoisikia dakika ile hajawahi kuisikia tena. Nimeweza, aliwaza. Mke wangu yuko nyuma pale ananiona.

Kisha ubavuni pake kikasikika kitu.

Pa.

Alikuwa ni Ndiyo-Mzee. Mtu huyu amekaa kando ya Kinara miaka yote hiyo, anapiga kofi la pili. La pili, kila mara la pili. Kumbe alikuwa na njaa ya la kwanza. Kumbe na yeye alikuwa amesikia habari ya ofisi na feni.

Pa, pa.

Ghala likaripuka. Walipiga kwa nguvu kuliko siku ile, maana safari hii walikuwa na aibu ya kuchelewa. Dereva alisimama. Mshonaji alimwona dereva, naye akasimama. Watu walikanyaga magodoro, wakapiga miluzi. Mwenye kiwanda akatikisa kilemba kwa kuridhika, akaanza kugonga sakafu kwa fimbo yake.

Kinara aligeuka huku na huku kuwatazama kwa dharau. Kondoo, alisema moyoni. Kondoo watupu, hawana hata haya. Alikuwa anataka kumgeukia mkewe amwonyeshe kwa macho kwamba yeye hayumo, yeye kakaa, na hapo akagundua kwamba hakukaa.

Alikuwa amesimama.

Akatazama chini. Mikono yake ilikuwa inapiga makofi.

Hakujua ilianza lini. Alijaribu kuizuia, ikapiga mengine mawili kabla ya kutii. Alipoinua uso, Mama Jiko alikuwa anamtazama kutoka mlangoni, na safari hii hakukuwa na usingizi wa kusingizia.

"Mama," alisema Kinara, lakini nani angemsikia kwenye kelele zile.

Mkurugenzi alikuwa ameshaokoka. Uso uling'aa, alitaka kuongeza neno la shukrani, na koo lilikuwa kavu. Akashika glasi, tupu. Akamwita Mama Jiko kwa kidole, bila hata kumtazama, namna mtu anavyowasha taa.

Mama Jiko akaja na jagi. Alipita katikati ya watu aliowalisha, nao wakampisha njia huku wakiyakwepa macho yake. Alipanda jukwaani. Alijaza glasi mpaka juu.

Mkurugenzi akanyoosha mkono.

Mama Jiko akaichukua glasi akanywa yeye.

Ghala likanyamaza ghafla. Alikunywa taratibu, mpaka mwisho, kichwa nyuma, koo linapanda na kushuka mbele ya kila mtu. Hakumwacha Mkurugenzi hata tone. Kisha akaangalia meza, akachagua mahali, akaitua glasi kwa nguvu iliyokuwa sawasawa kabisa.

Ko.

Ndiyo-Mzee akapiga makofi. Alikuwa ameshazoea kazi mpya.

Na ghala likapiga. Safari hii hakuna aliyemsubiri mwenzake. Mikono ilikutana yenyewe, kishindo kimoja, dereva, mshonaji, wakataji wa sponji, wote, macho yamewatoka, hawaelewi wanashangilia nini, ila wanashangilia sana. Mkurugenzi mwenyewe alijikuta amepiga mara mbili kabla ya kuificha mikono nyuma.

Fimbo ya mwenye kiwanda ilikuwa inagonga sakafu kwa furaha.

"Huyu anayependwa hivi ni nani?" aliuliza mama.

"Mpishi, mama, lakini si..."

"Sikukuuliza wewe. Sema, mwanangu. Ulitaka kusema nini?"

Mama Jiko alipangusa midomo kwa ncha ya aproni. Akaijaza tena ile glasi, polepole, maji yakaimba.

"Nilikuwa na tangazo, mama. Jiko halifungwi."

Akanywa funda moja. Ko. Makofi yakatikisa bati. Watu waliokuwa wanalaani mawe wiki nzima walikuwa wanapiga kelele za jiko, jiko, na mmoja, sitamtaja, ila huendesha lori, alifuta machozi. Aliyafuta kweli. Wakati ule aliamini kwamba hajawahi kuwaza vingine.

"Limepita," alisema mwenye kiwanda, akamkata mkwewe kwa jicho kabla hajafungua kinywa. "Kuna jingine?"

"Lipo moja, mama. Kuna mtu mmoja humu ndani amenichosha. Kuanzia leo simtaki."

Mama Jiko akanyoosha kidole. Kilielekea pale mbele, chini ya jukwaa, ambapo walikuwa wamesimama wanaume wawili bega kwa bega: Mkurugenzi, aliyeshuka kwenda kumbembeleza mama mkwe, na Kinara, aliyesogea kwenda kumwomba mkewe radhi. Wakatazamana. Kila mmoja akarudi hatua moja ili kidole kimwangukie mwenzake.

Kidole hakikusogea.

"Mama Jiko," Kinara alisema. "Mke wangu. Ni mimi au ni yeye?"

Mkono wa kushoto wa Mama Jiko ulikuwa umeshaishika glasi, unaipeleka mdomoni.

Kinara akageuka kulitazama ghala, atafute hata sura moja ya kumtetea. Hakuna aliyekuwa anajua ni nani anayefukuzwa, na hakuna aliyeuliza. Mikono yote ilikuwa imeshainuliwa, inasubiri.